Mkono wa Kumkaribishia Mgeni

Mwaka jana niliteleza kwenye nyasi zenye umande hapa kwangu Buhembe, nikaangukia kiganja, na kifundo cha mkono kikapasuka. Walipoutoa mkono kwenye plasta ulikuwa umekonda kama wa mtu mwingine. Wakanipeleka chumba cha tiba kazi, pale mgonjwa anapofundishwa kurudia shughuli zake. Nikamkuta binti mmoja mpole, nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Akanipa mpira mdogo.

"Bibi, uwe unauminya asubuhi na jioni."

"Nikishauminya?"

"Mkono utapata nguvu, Bibi."

"Nguvu za kufanya nini?"

Akacheka. Akadhani bibi ana utani, na kweli utani ninao, lakini swali lile lilikuwa la dhati. Sikumwambia kwamba chumba kama kile ndicho kilichonilisha mpaka nikastaafu. Nilimshukuru, nikapanda bodaboda, nikarudi nyumbani na mpira wangu. Nauminya hadi leo. Lakini binti yule hakuniuliza mkono wangu una shughuli gani duniani, na mimi nikakaa na hilo swali wiki nzima. Mwishowe nikaona niwaandikie ninyi wote mnaoianza kazi hii, kabla sijasahau majina.

Mimi niliingia kwenye kazi hii kwa sababu nilijua kusuka. Hakuna sababu nyingine. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, mkoa wetu bado unaitwa Ziwa Magharibi, na hospitali moja ya misheni upande wa Muleba ilitaka msichana wa kuwafundisha wagonjwa ususi ili wasishinde wakitazama dari. Mama yangu alikuwa msusi hodari wa vikapu, nami nilikuwa nimeiba mkono wake. Nikaajiriwa. Nikapewa gauni la kijani lililonizidi mabega, na chumba chenye dirisha moja.

Basi nikawasusisha. Aliyevunjika mguu alisuka, aliyeungua alisuka, aliyepooza alisuka kwa mkono mmoja na meno. Kwetu Wahaya vikapu ni kazi ya wanawake, na mimi Mhaya nilijua hivyo tangu ninyonye, lakini gauni la kijani lilikuwa limenipanda kichwani. Wanaume wale walisuka kwa adabu, bila neno. Siku ya kuona wagonjwa, wake zao na shemeji zao wakiingia wodini, vikapu vyote vilitoweka. Nilidhani vimeibwa! Kumbe kila mmoja amekalia cha kwake chini ya blanketi. Mzee mmoja alikikalia chake mpaka kikawa bapa, akaniomba radhi, akasema kilikuwa kikapu kizuri.

Aliyevikuta vikapu hivyo chini ya mablanketi ni Sista Verediana. Huyu ndiye mwalimu wangu, na kila ninalolijua la kazi hii lilitoka kwake au kwa watu aliowaleta mbele yangu. Alikuwa mtu wa Bukoba mjini, Miembeni, binti wa fundi cherehani. Shirika lake la watawa lilikuwa limempeleka ng'ambo kusomea tiba kazi, na aliporudi akakabidhiwa chumba changu na mimi mwenyewe nikiwa ndani yake. Nilitegemea atanifukuza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaketi kwenye kigoda, akaniambia, "Anatolia, mgonjwa akinyamaza usiseme amekubali. Huenda anakuhurumia."

Tukaanza upya. Kabla ya kumshika mtu tulimuuliza kwanza: unataka kurudia kufanya nini? Sio sisi tunataka ufanye nini. Na alinifundisha kuuliza nikiwa nimeketi chini kuliko mgonjwa, kwa sababu ukimsimamia mtu kitandani atakujibu kile anachodhani umekuja kukisikia. Jaribuni. Majibu yanabadilika kabisa. Seremala mmoja, ambaye mimi nilishampangia kamba za mkonge, alisema hataki chochote zaidi ya kumpigia Padre ngoma ya Jumapili. Tukamtafutia ngoma. Wodi ya jirani ililalamika, lakini bega lake lilifunguka.

Sasa niwaambie habari ya Ma Justa, ambayo ndiyo hasa iliyonikalisha mezani.

Ma Justa (kwetu Ma ni Mama, na Ta ni Baba) alikuwa mjane wa Nshamba. Mumewe alimwachia nyumba ya mabati na kibanja kizuri, migomba na mibuni imechanganyika, kivuli mpaka mlangoni. Mtoto wa kiume hakumpata. Mabinti walikuwa wameolewa mbali. Kiharusi kilimkamata akipalilia, kikamwachia mguu unaoburuta kidogo na mkono wa kulia ulioishiwa nguvu, vidole vimejikunja kiganjani. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima.

Kazi yake ilionekana nyepesi kwetu. Mkono wa kulia umegoma, basi tunafundisha wa kushoto. Tulimfundisha kujifunga kitenge, kula, kuchana nywele. Tulimfundisha kwamba nguo inaanza kuvaliwa upande mgonjwa na inaanza kuvuliwa upande mzima, na hilo mlishike, litawaokolea machozi mengi. Tulimtengenezea ubao wenye misumari, unachomeka ndizi, ndizi inatulia, unaimenya kwa mkono mmoja. Nilijivunia ubao ule kupita kiasi. Ma Justa alizitazama ndizi zangu zimepangwa kwenye misumari.

"Mwana wange," akasema, "hizi zimekosa nini hata mkazisulubu?"

Nayaandika kwa Kiswahili, lakini yeye alikuwa anasema Kihaya, tena cha wazee, cha polepole.

Alimenya. Alifanya yote tuliyomwambia, haraka kuliko wengi. Sista akaanza kuzungumzia kumruhusu. Na kila tulipozungumzia kumruhusu, Ma Justa alinyamaza. Mimi niliona mgonjwa mtulivu. Sista aliona vikapu chini ya blanketi.

"Huyu hatujamuuliza," akaniambia. "Tuliona mkono tukauhoji mkono. Kesho twende kwao."

Tulikwenda Nshamba na gari la hospitali, Ma Justa ameketi mbele kama mgeni rasmi. Tulimkuta shemeji yake, Ta Severini, mdogo wa marehemu, ameshafika. Mtu mzuri, niseme ukweli. Alikuwa na duka Miembeni, amenyoosha suruali, ana maneno ya upole. Alitukaribisha ndani, akatuketisha, akaenda kwenye rafu, akateremsha kile kikapu kidogo chenye mfuniko, akatugawia kahawa ya kutafuna.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu: hizi ni buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa. Mgeni akiingia, kabla ya habari yoyote, anapewa achukue chache atafune. Anayekushikia kikapu hicho ndiye mwenye nyumba. Hakuna anayelitangaza, kila mtu analijua. Na kinatolewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeushika wa kulia chini ya kifundo, kwa heshima. Mkono wa kushoto peke yake haumpi mgeni kitu. Hata mtoto akikosea hivyo anapigwa kofi dogo la mkono.

Nilichukua kahawa kwa Ta Severini. Nikamwona Ma Justa ameketi kwenye mkeka ndani ya nyumba yake mwenyewe, anatazama mkono wangu ukiingia kikapuni. Uso ule siwezi kuueleza vizuri.

Ta Severini akatueleza mipango. Ukoo utakutana mavuno ya maharage yakiisha. Shemeji atahamia kwake mjini atunzwe, alale kitanda kizuri, hospitali ipo karibu. Kibanja atakishika yeye. "Mtu asiyeweza hata kumkaribisha mgeni, tutamwachaje peke yake?" akasema, na alisema kwa huruma kabisa. Uongozi wa kijiji nao ulikuwa umeshamwondoa kwenye zamu za shamba la ujamaa kule rweya, kwenye nyika, wakamweka kwa wasiojiweza. Hilo nalo lilifanywa kwa wema. Tangu hapo hakuna aliyemwita mkutanoni.

Tuliporudi hospitali Sista hakumpeleka Ma Justa wodini. Akaketi kwenye ngazi, chini yake.

"Ma Justa, unataka kurudia kufanya nini?"

Yule mama akautazama mkono wake wa kulia. "Nataka kumpa mgeni kahawa," akasema. "Ndizi atanimenyea binti wa jirani, nami nitamlelea mtoto. Kuchana nywele, nina kitambaa. Ninyi mmenifundisha mkono ambao mgeni hapewi nao kitu. Wazee wa ukoo wakija nikawapa kwa kushoto, nimewatukana. Nikiketi Severini akawapa, nyumba ni yake. Waitu, wapendwa wangu, mimi nifanyeje?"

Nililia, wanangu. Sista alinitazama vibaya nikafuta uso.

Sista alipoamua tumfundishe hilo, kulikuwa na pingamizi la haki, na si la kijinga. Daktari mkuu alituita. Chumba kimoja, wafanyakazi wawili, na foleni ya vijana walioanguka kwenye malori ya kahawa na kukatwa na mapanga. Vijana hawa wakipona wanarudi kujenga taifa. Bibi mmoja atachukua wiki ngapi, ili ashike kikapu?

"Hiyo ni kazi?" akauliza.

"Ni kazi yake," Sista akasema. "Akiikosa anapoteza nyumba. Kijana wa lori akikosa mkono wake tutamhesabia hasara ya chama cha ushirika. Bibi huyu tumhesabie nini, daktari? Tukiwapima watu kwa kile watakachozalisha, nusu ya wodi hii tuitoe nje."

"Na hao vijana nao ni watu, Sista."

"Ni watu. Ndiyo maana siombi muda wao. Naomba wakae pamoja chumbani, na Anatolia aache kuwahudumia mmoja mmoja."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu, kana kwamba anazungumzia bei ya sabuni, "Tunaandika Uhuru na Kazi kwenye kila ukuta. Naona uhuru umeandikwa kwanza."

Daktari alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa haki naye, alikuwa amechoka tu. Alisema chumba ni chetu, tugawane muda tunavyojua, ila asisikie kijana yeyote amekosa zamu. Hakusikia. Tuliwaweka wagonjwa wote duara moja, na nikagundua jambo ambalo hakuna kitabu kilichokuwa kimenieleza: vijana wa malori walimwonea aibu bibi yule anayejitahidi, wakaacha kulalamika kuhusu viungo vyao. Nao wakawa wageni wake. Kila mmoja alikuwa anapita mbele yake anakaribishwa, na akikaribishwa vibaya anamcheka, naye anamrudishia.

Mwanzoni tulifanya kama vitabu vinavyosema. Asubuhi maji ya uvuguvugu, mkono unalowekwa mpaka vidole vinalegea. Bega kwanza, kisha kiwiko, vidole mwisho. Kikapu kitupu. Kikapu kikaanguka. Mkono wa namna hiyo ukitaka kuulazimisha unakaza zaidi, na mwenye mkono akiona watu wanamtazama unakaza mara mbili. Tulifikiria kufunga kikapu kwa mkanda kiganjani. Tulifikiria kishikio cha mti. Ma Justa alikataa vyote. "Mgeni ataangalia mkanda," akasema.

Siku aliyopata jibu mimi nilikuwa namfundisha mtu mwingine kufunga vifungo, na Sista alikuwa anatafuta miwani yake. Kijana mmoja wa lori, mwenye kidevu kilichoshonwa, akasema, "Ma, nikaribishe basi, nimesimama sana." Tukageuka. Ma Justa alikuwa ameutoa mkono wa kulia mbele, kikapu kimekaa juu ya vidole vilivyokunjwa kama kwenye kiota, na mkono wa kushoto umeushika chini ya kifundo, kama kila mwanamke mwenye adabu anavyofanya. Wa kushoto ulikuwa ndio unaobeba. Lakini aliyetazama aliona heshima tu.

"Nimekuwa mjinga," akasema. "Nilikuwa nautaka huu upone. Kumbe mwenzake wa kushoto alikuwa ameshaujua mlango tangu zamani."

Sista akaketi hapo hapo kwenye sakafu. Tulikuwa tumetumia miezi tukimfundisha mkono mmoja, tukisahau kwamba heshima ya kwetu inatumia miwili. Mimi Mhaya, yeye Mhaya! Tulicheka hadi muuguzi akaja kutuchungulia.

Baada ya hapo ilikuwa mazoezi. Alijifunza kushusha bega na kutoa pumzi kabla ya kunyoosha mkono, na kuuinamisha mwili mzima mbele ili mkono ufuate badala ya kuusukuma. Hilo nimelitumia kwa wagonjwa wote walionijia baadaye. Kuhusu zamu za rweya, alimwendea mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, akamwambia anaweza kuketi kivulini akachagua mbegu za maharage, na kwamba anataka kuitwa mkutanoni kama mtu mwingine. Mwenyekiti alimkubalia, akashangaa kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siku ya wazee wa ukoo tulialikwa. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni, nyumba nzima inanukia. Wazee waliingia wakaketi. Ta Severini, kwa mazoea tu, akainuka kwenda kwenye rafu.

"Severini," Ma Justa akasema, "kaa. Umetoka mbali, wewe ni mgeni wangu."

Akakaa. Ma Justa akateremsha kikapu kwa kushoto, akakipumzisha tumboni, akakipanga kwenye kulia taratibu. Umri wake ulimruhusu asipige magoti. Akaanza kwa mzee mkubwa wa ukoo, Ta Kalisti, ambaye haoni vizuri lakini anaona yanayotakiwa. Buni moja ikaanguka kwenye nyasi na hakuna aliyeitazama. Ta Kalisti akachukua zake, akatafuna polepole kama wazee wanavyopenda kutuchosha.

"Tumekaribishwa na mwenye nyumba," akasema. "Sasa leteni hayo mliyokuwa nayo."

Maneno yalikuwepo, tena mengi, lakini yalikuwa yameshapoa. Waliafikiana kwamba Ma Justa abaki kwenye kibanja chake maisha yake yote, na kwamba Ta Severini awe anapita kusaidia kukata mikungu. Alipita kweli, kila mara, na kila mara alikaribishwa. Niliwaambia, ni mtu mzuri. Alihitaji tu kuonyeshwa pa kuketi. Ma Justa aliishi nyumba ile mpaka alipofariki, na amezikwa kwenye kibanja kile, karibu na mumewe.

Nashukuru sana. Namshukuru Sista Verediana, ambaye hakunifukuza. Nawashukuru wanaume waliokalia vikapu vyangu kwa miezi bila kunivunja moyo. Namshukuru hata binti wa mpira, kwa sababu bila yeye nisingeandika. Mwanangu, ukisoma hapa, mkono wangu una shughuli ya kusuka na kushika rozari, njoo siku moja tuzungumze.

Lakini nimeruka jambo moja la siku ile. Ma Justa alipomaliza wazee, alimpa Severini, akampa Sista, kisha akanigeukia mimi niliyekaa karibu na mlango. Alikuwa amechoka. Bega lilikuwa limepanda, kikapu kinainama upande, na hatua kati yetu zilikuwa ndefu kwa mguu ule. Kila kitu nilichofundishwa kikaniambia inuka, mshikie. Sista akanitazama mara moja tu kutoka upande wa pili.

Nikaikalia mikono yangu. Nikaikalia kwa nguvu, kama wale wanaume wa wodini walivyovikalia vikapu, mpaka kikapu kikafika mbele yangu na ile sauti ya polepole ikasema, "Karibu kwangu, mwana wange."

Ndipo nikaitoa yote miwili, nikapokea.